Jina la uongo juu ya kitu cha kweli: katalogi za minada na vitu vya wazee wetu

Katika vijitabu hivi tumezoea kuandika juu ya vitu vyenyewe: kiti cha mfalme, kinyago, shoka la heshima, ubao wa lukasa. Safari hii tunaandika juu ya karatasi zinazofuata vitu hivyo vikiisha kuvuka bahari. Ni katalogi za minada ya Paris, Bruxelles, London na New York, yale mabuku mazito yenye picha nzuri, ambamo kila kitu kina namba yake, jina lake na bei inayotazamiwa. Tumezisoma nyingi, za zamani na za siku hizi, na tunaona zinastahili kuchunguzwa kama maandishi mengine yote, kusifiwa panapofaa na kukemewa panapofaa. Tena zina jambo moja ambalo hadithi na mashairi hayana: neno moja tu ndani yake linaweza kupeleka watu tribinali, na feza ya mamilioni ikarudishwa.

Mtu atauliza: hiyo inatuhusu sisi nini? Si shida ya matajiri wao kwa wao? Hapana. Mgeni anayejua jina la Baluba, Bahemba, Basonge ao Balega, mara nyingi alilikuta chini ya picha ya kitu kinachouzishwa. Muze inanunua kile kitu pamoja na maneno yake, mwalimu anayakopi toka muze, mtoto anayasoma shuleni, na siku moja mtoto huyo anakuja kwetu kutuambia sisi wenyewe kile kitu kinaitwa nani. Kosa likiingia kwa mlango wa katalogi, kulitoa ni kazi ya miaka mia.

Kwanza tuelewane juu ya huyu mwenye mnada. Tutamwita dalali. Yeye si mwenye mali. Anauzisha kitu cha mtu mwingine na kupata asilimia yake, mara nyingi kwa pande zote mbili, kwa mwenye kitu na kwa mnunuzi. Sisi Kongo hatuhitaji mfano wa mbali: tunamjua komisionere wa mjini, anayekutembeza kwenye parseli na kuapa kwamba haina matata. Matata yakitokea, anasema: mimi nilikuonyesha tu, mwenye parseli ni fulani. Dalali wa London amevaa suti nzuri, lakini jibu lake la kwanza ni lile lile. Swali lote la sheria ni kujua kama jibu hilo linatosha.

Mara nyingi halitoshi, juu ya ile katalogi. Mtu anayenunua sufuria anaiona sufuria. Mtu anayenunua kiti cha mti kama cha miaka mia mbili hawezi kuiona ile miaka kwa macho. Anaona mti, moshi, mafuta, ufa. Miaka iko katika maneno. Kusema kweli ananunua sentensi, na mti unakuja pamoja nayo. Kwa hiyo sentensi ikiwa ya uongo, sheria za nchi nyingi zinamfungulia njia mbili. Ya kwanza ni kuvunja maagano yenyewe kati yake na mwenye kitu, kwa kuwa alikubali akiwa amekosea juu ya jambo kubwa la kitu kile. Ya pili ni kumshika dalali, pamoja na mtaalamu aliyemshauri, kwa kosa lao wenyewe: hawakuchunguza, ao walijua na kunyamaza. Sheria yetu inajua njia hizi zote mbili. Dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya maagano, ambayo ilitungwa wakati wa Leopold II na ingali msingi wa sheria yetu ya kiraia, inasema juu ya kukosea na juu ya udanganyifu; na kifungu chake cha 258, ambacho kila avoka anakijua kwa kichwa, kinamlazimisha kila mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake kuitengeneza. Basi silaha ziko. Tutaona zinapiga nani na zinaacha nani.

Walioandika sheria hii vizuri kuliko wote, kwa maoni yetu, ni Wafaransa, katika dekreti ya 3 Machi 1981, ambayo watu wa kazi wanaiita dekreti Marcus. Tunaisifu kwa kuwa ni kazi ya lugha. Haisemi tu kwamba uongo ni mbaya, kila mtu analijua hilo. Inachukua maneno ya katalogi moja moja na kuyawekea bei. Jina la kitu likifuatwa mara moja na jina la wakati fulani, tuseme "karne ya 18", bila neno lingine la kupunguza, mnunuzi amehakikishiwa kwamba kitu kilitengenezwa wakati ule kweli. Jina la msanii likiwekwa hivi hivi, ni yeye. Ukisema "inadhaniwa kuwa ya fulani", umehakikisha kwamba kitu ni cha wakati wa kazi yake na kwamba kuna sababu nzito za kumfikiria yeye. "Atelie ya fulani" maana yake kilitoka katika nyumba yake ya kazi ao chini ya uongozi wake. "Shule ya fulani" inataka mwanafunzi wa bwana yule, tena kazi iwe imefanywa wakati bwana angali hai ao kabla ya miaka hamsini kupita tangu kufa kwake. Lakini "kwa mtindo wa", "kwa namna ya", "kufuata fulani", hayo hayahakikishi kitu hata kimoja, wala msanii wala tarehe wala shule.

Tazameni uzuri wake: maneno ambayo sikio la mtu wa kawaida linayasikia kama ndugu wa tumbo moja, sheria inayatenga kama mwenye deni na asiye na deni. Na matribinali yanafuata. Picha ya Fragonard inayoitwa Le Verrou iliuzishwa mwaka 1933 kwa maneno "inadhaniwa kuwa ya Fragonard". Baadaye ikaonekana ni yake kweli, ikaingia Louvre mwaka 1974. Warithi wa aliyeiuzisha wakataka maagano yavunjwe. Tarehe 24 Machi 1987 Cour de cassation ikawakatalia: maneno yale yalikuwa yamekubali mashaka, na aliyekubali mashaka hawezi kesho kuyalalamikia.

Kisha kuna ile sanamu ya Misri ya mfalme Sesostris III, iliyouzishwa mnada wa Drouot mwaka 1998 karibu milioni 5 za faranga za Ufaransa. Wanunuzi walikuwa watu wakubwa, si maskini. Katalogi ilitaja jina la mfalme na miaka ya utawala wake. Wataalamu wakagombana: wengine wakasema ni ya uongo, wale walioitwa na tribinali wakasema ni ya kale kweli, lakini ilitengenezwa baada ya kifo cha mfalme yule. Mtu wa kijijini atasema: si bado ni ya zamani, miaka zaidi ya elfu tatu, mnataka nini tena? Lakini tarehe 27 Februari 2007 Cour de cassation ilivunja hukumu iliyowakatalia wanunuzi: katalogi ikisema utawala wa fulani bila kupunguza neno, ni utawala ule. Kitu kilikuwa cha kale. Sentensi haikuwa ya kweli, na sentensi ndiyo iliyouzishwa.

Waingereza wana namna nyingine, na kwetu sisi haipendezi sana. Kule nyumba kubwa za mnada zinaandika masharti yao wenyewe. Utayakuta nyuma ya katalogi, kwa herufi ndogo: wanahakikisha kichwa tu cha maelezo, yale maneno ya herufi kubwa ao nene pale juu, kwa muda wa miaka mitano, yanayofuata chini, hadithi ndefu juu ya uzuri na historia, ni maoni tu. Mwaka 2012 tribinali ya London ilisikiliza kesi ya picha ya Odalisque, iliyouzishwa na Christie's mwaka 2005 kama kazi ya Mrusi Kustodiev kwa pauni kama milioni 1.7. Juji akaona kwamba kwa uwezekano mkubwa si kazi ya Kustodiev, mnunuzi arudishiwe feza yake kwa nguvu ya hakikisho lile. Lakini lile shitaka la uzembe, kwamba Christie's hawakufanya kazi yao, halikupita. Maana yake: neno lililo juu lilimshika dalali, na kazi iliyofanywa nyuma ya neno ikasamehewa.

Na sharti moja tunaomba wasomaji walishike, tutalirudia. Hakikisho la namna hii halifanyi kazi ikiwa kichwa cha maelezo kilikuwa kinapatana na maoni ya wataalamu yaliyokubaliwa siku ile ya mnada. Wataalamu wote wakikosea pamoja, hakuna mwenye kosa.

Sasa tufungue ukurasa wa kitu chetu. Umejengwa namna moja karibu kila mahali. Juu: sanamu, ao kiti, ao kinyago. Kisha jina la kabila: Luba, Songye, Lega. Kisha nchi, République démocratique du Congo. Kisha urefu kwa sentimeta. Kisha mlolongo wa waliokuwa nacho: ofisa fulani wa Ubelgiji, mfanyabiashara fulani wa Bruxelles, tajiri fulani wa New York. Kisha mabuku kilimoonyeshwa. Kisha insha, mara nyingine nzuri sana, imeandikwa na mtu aliyesoma. Kisha bei.

Mara nyingi sana hakuna tarehe, na karibu kila mara hakuna mchongaji. Watu wengine wamekwisha kulalamikia hilo kama dharau, na ni dharau kweli. Sisi tunataka kuonyesha kwamba ni pia ujanja wa sheria, hata kama aliyeandika hakuufikiria. Soma tena dekreti ya 1981: uhakika wa tarehe unatoka katika kutaja wakati, uhakika wa mtu unatoka katika kutaja mtu. Asiyetaja wakati wala mtu amehakikisha nini? Kwa meza ya Ufaransa dalali analazimika kuchagua kati ya "ya wakati wa Louis XV" na "kwa mtindo wa Louis XV", na tofauti ya neno moja ni tofauti ya nyumba mbili za ghorofa. Kwa kiti cha Muluba anaandika "Luba" na kulala usingizi. Ni kweli mnunuzi bado anaweza kujaribu njia ya kukosea, akisema alidhani ni kitu kilichotumiwa na wenyeji wakati wa zamani kumbe kilichongwa juzi kwa ajili ya soko. Lakini mzigo wa kuonyesha hilo umekuwa wake, kwa kuwa karatasi haikusema kitu.

Kuna mlolongo wa waliokuwa nacho, watasema, huo ndio tarehe yetu. Ndiyo, na angalieni unaanzia wapi. Unaanza siku Mzungu alipokishika. Mtu aliyekikalia, ukoo uliokitunza, mganga aliyekitumia, hao hawamo. Tena mlolongo unaweza kuwa na shimo katikati. Kati ya 1976 na 1982 muze ya Tervuren ilirudisha Kinshasa vitu 114. Baadhi vilipotea katika fujo zilizofuata, na vingine vikaonekana tena kwenye soko la Ulaya. Dalali anayeandika "mali ya mtu binafsi, Ubelgiji" bila kuuliza kitu kile kilikuwa wapi mwaka 1985, huyo hakusema uongo. Amenyamaza tu. Sheria ya Ufaransa inajua kwamba kunyamaza kwa makusudi kunaweza kuwa udanganyifu, ila lazima apatikane mtu wa kulalamika, na mnunuzi aliyefurahi na kitu chake halalamiki.

Tuje kwa majina. Wakati mrefu sanamu kubwa za wazee zilizotoka kaskazini-mashariki ya nchi ya Baluba, wale wanaume waliosimama wakiweka mikono tumboni, ziliuzishwa kama Luba. Mwaka 1977 François Neyt alitoa buku lake kubwa juu ya sanamu za Bahemba, na tangu pale katalogi zikaanza kuandika Hemba. Sanamu ni ile ile, mikono ni ile ile tumboni. Sasa turudi kwa lile sharti: aliyeuzisha sanamu ya Kihemba kama Luba mwaka 1960 alipatana na wataalamu wa siku zake, kwa hiyo hana deni. Sawa, hatutaki kumfunga mtu kwa kutojua kile ambacho mabuku hayakujua. Lakini kulikuwa na watu waliojua! Mhemba wa 1960 alijua vizuri kabisa kwamba babu yake si Muluba. Maoni yake hayakuhesabiwa kama maoni. Neno "mtaalamu" katika masharti ya mnada lina mipaka, na mipaka yake haikupita Lualaba.

Mfano mzuri kuliko yote ni ule wa Buli. Frans Olbrechts, katika maonyesho ya Antwerp ya 1937 na 1938, aliona kwamba viti na sanamu kadhaa zenye uso mrefu wa huzuni, mashavu yaliyoingia ndani, zinafanana kama maandishi ya mkono mmoja. Mbili zilikuwa zimeandikwa kwamba zilipatikana katika kijiji cha Buli. Basi akaita mtindo ule wa Buli, na wengine baadaye wakasema Bwana wa Buli. Ilikuwa hatua kubwa, tunamshukuru: kwa mara ya kwanza mtu alisema kwamba nyuma ya kitu cha Kiluba kuna mtu mwenye mkono wake, si kabila zima linalochonga kama mchwa. Lakini Buli ni mahali kitu kilipopatikana. Watafiti walipouliza upande wa Bahemba, likatoka jina la Ngongo ya Chintu, mchongaji wa Kateba, na muze ya Metropolitan ya New York, iliyopata kiti chake mwaka 1979, inataja jina hilo pamoja na neno "labda". Mwaka 1980 Susan Vogel akaandika kwamba vitu hivyo huenda si vya mkono mmoja.

Mnaona? Bwana, atelie, shule: ndiyo maswali yale yale ya dekreti ya 1981, na kwa kitu cha Buli yanaweza kuulizwa sawasawa kama kwa picha ya Poussin. Kwa hiyo yule anayesema kwamba sanaa ya Afrika haina watu wenye majina na sheria haiwezi kuibana, anadanganya. Inaweza. Siku bei ilipopanda, jina la bwana likatafutwa haraka, kwa kuwa jina linaongeza feza. Kwa kiti cha bei ndogo hakuna mtu anayejisumbua kwenda Kateba.

Sasa tunafika kwa jambo linalotuuma. Kuna sanamu ya mwanamke aliyekaa chini, miguu imenyooshwa, mikononi ameshika kibakuli. Kwa miaka mingi, katika mabuku na muze za Ulaya, iliitwa "la mendiante", mwanamke anayeomba. Yaani walimwona mama ameshika bakuli, wakasema: huyu anaomba chakula. Kumbe hiyo ni mboko, kitu cha bilumbu, waganga wanaotafuta siri za mambo yaliyofichika, na cha wafalme. Ndani ya kibakuli mnakaa mpemba, ile chokaa nyeupe ya usafi na ya dunia ya mizimu. Mwanamke yule haombi mtu kitu. Ni wewe unayekuja kwake kuomba. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walilieleza hilo kwa urefu katika buku lao la 1996 juu ya kumbukumbu na sanaa ya Baluba, nao walilisikia kwa Baluba wenyewe.

Tuiweke mboko mbele ya juji. Katalogi iliandika "mendiante, Luba". Tarehe: haikutajwa. Kabila: ni kweli. Mti: ni kweli. Mnunuzi alilipa, akapata kitu cha Kiluba cha zamani, kizuri, ambacho leo kina bei mara nyingi zaidi. Hasara iko wapi? Hakuna. Kosa ni kubwa kuliko lile la Sesostris. Pale mlikuwa na mfalme aliyehamishwa miaka michache. Hapa malkia wa siri amefanywa ombaomba. Lakini sheria ya minada haioni kitu, kwa kuwa inatazama mfuko wa mnunuzi peke yake. Kifungu 258 chetu kinasema hasara inatengenezwa, lakini ni nani ataenda tribinali, kwa jina la nani, kudai nini? Mwanamke wa mti hana avoka.

Hapo ndipo tunatofautiana na wanasheria wazuri tuliowasoma. Wao wanapoandika juu ya dalali na maelezo ya uongo, wanahesabu watu watatu: mwenye kitu, dalali, mnunuzi. Wa nne hayumo. Wa nne ndiye aliyepewa jina.

Balega wana malalamiko ya namna hiyo hiyo. Katika Bwami, lukwakongo inaitwa kinyago katika kila katalogi, na kwa jicho ni kinyago kweli. Lakini mwenye cheo anaweza kuishika mkononi, kuifunga kwenye paji la uso ao kwenye mkono, kuitundika kwenye ua pamoja na nyingine, na kila mara methali inayokwenda pamoja nayo ndiyo kitu chenyewe. Daniel Biebuyck aliandika hayo mwaka 1973. Wakoloni walikataza Bwami, katika miaka ya 1930 na tena 1940, na vitu vingi vilitoka mikononi mwa wenyewe kwa njia hiyo. "Kilipatikana kabla ya 1950" ni maneno yanayopandisha bei. Kwa mwenye cheo aliyenyang'anywa ni maneno mengine kabisa.

Tusijifanye watakatifu. Kwetu pia maneno ya uongo yanatengenezwa, tena kwa mikono yetu. Kila mtu aliyetembea kwenye masoko ya vinyago anajua kazi ya moshi, ya udongo, ya mafuta ya mawese, ya kufukia kitu mahali pa mchwa mpaka kipate mashimo ya uzee. Kuchonga kifwebe kipya si kosa, ni ufundi, na mafundi wengine wana mkono unaostahili jina lake kwenye katalogi. Kosa linaanza pale inapotamkwa "hii ni ya babu yangu". Na hapa sheria yetu imezaa kichekesho. Amri-sheria n° 71-016 ya 15 Machi 1971 inalinda vitu vya kale, na kitu cha namna hiyo hakitoki nchini bila ruhusa ya serikali. Basi kitu kile kile, asubuhi sokoni ni cha zamani sana, kina miaka mia. Mchana mbele ya watu wa duane ni kipya, kilichongwa wiki iliyopita na kijana wa avenue ya pili. Moja ya sentensi mbili ni ya uongo, na mnunuzi mwenyewe anazitaka zote mbili. Akifika Ulaya, ile ya asubuhi ndiyo inaingia katalogi. Akigundua siku moja kwamba ya mchana ndiyo ilikuwa kweli, atalia kwamba ametapeliwa. Sisi machozi hayo hatuyaonei huruma nyingi.

Mwaka 2022 kinyago cha Ngil cha Wafang wa Gabon kiliuzishwa mnada wa Montpellier kwa euro milioni 4.2. Wazee wawili wa Ufaransa walikuwa wamekiachia mfanyabiashara wa vitu vikuukuu kwa euro 150, mwaka uliotangulia; babu wa mume alikuwa gavana wakati wa ukoloni. Wakashitaki. Serikali ya Gabon nayo ikaingia katika kesi, ikisema kitu ni chake. Desemba 2023 tribinali ya Alès ikawakatalia wazee, kwa kuwa walikiachia bila kujisumbua kujua bei yake, na ikaikatalia Gabon. Tumetaja kesi hii kwa ajili ya sura yake: watu wanagombania tofauti ya euro 150 na milioni 4, na wa nne, safari hii, angalau alibisha mlangoni. Ubelgiji ilitunga sheria ya 3 Julai 2022 juu ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni, lakini inahusu vitu vilivyo mikononi mwa serikali yao ya shirikisho. Katalogi za mnada zinauzisha vitu vya watu binafsi. Huko sheria hiyo haiingii.

Tunataka nini basi? Hatuombi dalali afungwe. Tunataka kwanza mambo mawili ya lugha, ambayo dekreti ya 1981 imekwisha kuonyesha kwamba yanawezekana. Kitu cha Kongo kiandikwe kwa ngazi zile zile za maneno: wakati wake, ao "wakati haujulikani" kwa herufi kubwa kama jina lenyewe, si kwa kunyamaza, mkono wake, ao atelie yake, ao "mchongaji hakuulizwa". Neno hilo la mwisho tunalipenda, juu ndilo la kweli. Na pili, pale masharti yanaposema "maoni ya wataalamu", wahesabiwe ndani yake waliolelewa na vitu hivyo: bana balute wanaojua kusoma lukasa kwa kidole, wakubwa wa Bwami, watu wetu wa muze ya Lubumbashi na ya Kinshasa. Mnunuzi mwenyewe angepata faida, kwa kuwa mzee wa Kihemba angemwambia mwaka 1960, bila malipo, kile alichokuja kukisoma mwaka 1977.

Kwa upande wetu kuna kazi ambayo haingoji Paris wala London. Wachongaji waliokufa katika miaka ya 1950 na 1960 wana watoto walio hai, wengine wana miaka themanini. Watoto hao wanajua baba alikuwa anamaliza macho namna gani, alitumia mti gani, alimchongea nani. Wanachama wetu walio vijijini waandike majina hayo katika kaye, pamoja na kijiji na jina la aliyesema, na watutumie kabla ya kijitabu kinachofuata.